Moto wa Kilio kwa Mutu Anayepumua

"Muite mukwe."

Maneno mawili, na simu ikakatika. Pale ndipo tulimuacha Anastasie juma lililopita: pekupeku katikati ya mupunga ulioanikwa, simu ya Bulaimu bado iko sikioni, jua la saa tano linamuchoma utosi, na yeye anasikia baridi.

Kama gazeti lile lilikupita, shika haya upesi. Ni mwaka wa elfu mbili na mbili, vita bado iko. Déo, bwana wa Anastasie, alitoka Lusangi siku ine zilizopita kwenda Kasongo na baiskeli, yeye na rafiki yake Gérard. Lusangi nzima kuna simu moja tu ya mukononi, ya kwanza watu kuona na macho yao, nzito kama tofali na pembe nene kichwani. Ni ya Bulaimu, mwenye kununua zahabu. Simu ya pili, dada ya ile, ya namna ileile, iko na Gérard. Patro wao, mukubwa wao wa kazi huko Kasongo, ndiye aliwagawia. Simu zile hazitafuti munara, maana wakati ule munara kwetu haujafika. Zinatafuta mbingu tu. Ingia nayo chini ya paa ao chini ya miti, inakuwa jiwe. Ndiyo maana watu wanaongelea pale kiwanjani, pa kuanikia mupunga, pahali mbingu iko wazi.

Na aliyesema "muite mukwe" ni Gérard. Hakusalimia hata.

Sasa twende.

"Amesema nini?" Bulaimu aliuliza. Alinyoosha mukono kuchukua mali yake.

Anastasie, mama ya Estelle, hakumupa.

"Mama Estelle, Gérard amesema nini?"

"Amesema tumuite mukwe."

Bulaimu alirudisha mukono kama mutu aliyeguswa na siafu.

Kwetu kifo hakisemwi na kila kinywa. Ndugu hasemi, kwani atalia mbele ya kumaliza. Jirani hasemi, kwani watamuuliza alijua namna gani. Anayesema ni mukwe, yule aliyeoa binti wa nyumba. Yeye ndiye anasikia wa kwanza, yeye ndiye anakaa chini mbele ya wenye mutu wao na kufungua kinywa. Hata wakati wa foni, ile redio ya kuongelea ya misioni, ilikuwa hivyo. Foni ile, ukiongea Kasongo, Kindu inakusikia, Kibombo inakusikia, na mupishi wa padri naye anakusikia. Nani atatangaza maiti mbele ya Maniema nzima? Basi walikuwa wanasema tu: muite mukwe. Mwenye kushika foni akisikia hivyo, anavua kofia.

Nyuma yao ungo ulianguka.

Ni mama Régina, mama ya Déo, aliyekuwa anapepeta mupunga karibu na mulango.

"Nani anaitiwa mukwe?"

Bulaimu aliangalia miguu yake.

"Nimeuliza! Mukwe wa nani anaitwa?"

"Mama, kaa chini kwanza," Bulaimu alisema.

"Kaa chini weye! Mimi mukwe niko naye mumoja, na mutoto mwanaume niko naye mumoja. Sema!"

Haikuwa lazima kumutuma mutu. Mukwe mwenyewe, Souleymane, bwana wa dada yake Déo, alikuwa shambani chini ya nyumba. Alisikia sauti ya mama mukwe wake imepanda, akatoka mbio, panga mukononi, matope mupaka magotini. Ni mutu wa mizaha. Alianza kusema toka mbali.

"Mama Estelle! Makelele yote hii, mumepika kuku mukanisahau?"

Aliona sura tatu. Muzaha ukakauka kwenye midomo yake.

Na simu ikalia tena.

Ililia mara tatu, ine. Anastasie alimunyooshea mukwe. Souleymane aliweka panga chini, akapanguza mikono kwenye suruali, akaipokea na vidole vyote kumi kama sufuria ya moto. Aliigeuza kichwa chini. Bulaimu aliigeuza juu.

"Souleymane anasikiliza!" alipiga kelele. "À vous!"

"Usiseme à vous," Bulaimu alimunongoneza. "Ile ni ya foni, ya kumuachia mwenzako zamu ya kusema. Huku munaongea tu."

"Nimesikia! À vous!"

Siku ingine watu wangelicheka mupaka wakae chini. Siku ile hapana.

Souleymane alisikiliza. "Ndiyo," alisema. Kisha: "Kwenye kivuko?" Kisha: "Bulaimu mwenyewe?" Kisha ndiyo ingine, ndogo, na akashusha mukono.

Mama Régina alikuwa ameisha kufungua kitambaa cha kichwa. Nyele zake nyeupe ziko inje. Alikaa chini, juu ya mupunga.

"Sema, mukwe. Nimekaa."

"Mama, simama. Si hivyo. Gérard anasema Déo ni mugonjwa. Homa tu. Amelala kwenye kivuko cha Luama, hawezi kupanda baiskeli. Anasema Bulaimu aende kumuchukua, peke yake, mbele ya saa sita, na simu mukononi."

Mama Régina alicheka, akalia, akachukua konzi ya mupunga na kumutupia usoni.

"Shetani! Umeniua na umenifufua!"

Alisimama tayari kwenda kutafuta majani ya dawa. Bulaimu naye alianza kuvuta pumzi ya mutu mwenye kupona.

Ni Anastasie aliyebaki pale pale, kama muti uliopandwa.

"Baba Sarah," alimuambia mukwe. "Homa inaitiwa mukwe tangu lini?"

Mama Régina, aliyeisha kupiga hatua, alisimama.

"Gérard ni mutu wa hapa," aliendelea. "Miaka mitatu alishika foni ya misioni. Homa angeliniambia mimi. Angelimuambia hata kuku. Kwa nini amenikatia?"

Souleymane alijikuna shingo. "Sauti yake haikuwa yake," alisema pole pole. "Alikuwa anasema kama mutoto anayesoma kitabu mbele ya mwalimu mukali. Na kulikuwa mutu karibu naye. Nilisikia anavyopumua."

"Simu na mwenye simu," Bulaimu alisema. Jasho lilimutoka kwenye kipaji cha uso. "Munaona? Hawa ni watu wa musituni. Wamezunguka wanasema simu yangu ndiyo inawaambia askari pahali wanapitia. Kushuka hapa hawawezi, kwa sababu ya askari wa njia panda. Wananivuta niwafuate."

Sasa, musomaji wangu, pima na wewe. Gérard ameshikwa, hiyo iko wazi. Lakini ameita mukwe kwa kifo cha nani? Kama Déo ameisha kufa, Gérard amewaambia namna aliyoweza. Kama Déo anapumua, basi kifo ni cha yule atakayeenda kivukoni.

Bulaimu hakungoja kupima.

"Mimi naingia musituni. Chini ya miti simu ni jiwe, hawatanipata."

"Na bwana yangu?"

"Mama Estelle, bwana yako pengine…"

"Maliza."

Alinyoosha tu mukono achukue simu kwa Souleymane. Anastasie aliingia katikati yao wawili, kifua mbele.

"Utakimbia nikiisha kujua. Mbele ya pale hapana."

"Utajua namna gani? Utamuuliza Gérard, 'bwana yangu amekufa?', na bunduki iko inamusikiliza?"

"Mukwe atamuuliza neno la pili la foni."

Souleymane alielewa. Mama Régina naye alielewa, akashika kinywa.

Neno la pili la foni ni hili. Mukwe akiisha kusikia, anauliza: tuwashe moto inje? Ni ule moto wa kilio, gogo kubwa mbele ya mulango wa marehemu, unaokaa siku zote za matanga. Kama mutu amekwenda, wanajibu: washeni. Kama bado anapumua, hata kidogo, wanajibu: musiwashe. Mugeni akisikia, anafikiri watu wanaongea kuni.

Bulaimu alibonyeza namba. Souleymane aliweka simu sikioni.

"Gérard? Ni mukwe. Nasema… tuwashe moto inje? À vous."

Hapo hata kuku waliokuwa wanadonoa mupunga, hakuna aliyewafukuza.

"Musiwashe!" Sauti ya Gérard ilitoka kubwa, hata mama Régina aliisikia. "Mukwe, musiwashe! Bado! Musi…"

Kofi. Kisha kitu kilianguka.

Anapumua! Anastasie alifunga macho. Déo anapumua! Furaha ilimupanda kooni kama kicheko. Haikufika kinywani.

Kwenye simu kuliingia sauti ingine. Haikupiga kelele. Ilikuwa ya taratibu, ya adabu, Kiswahili cha mbali.

"Moto gani?"

Souleymane alimugeukia Anastasie.

"Basi mupe mwanamuke," sauti ilisema. "Huyo aliye karibu na weye. Wa kitambaa cha manjano."

Anastasie aligusa kichwa chake. Kitambaa kilikuwa cha manjano.

Alipokea simu.

"Jambo mama."

"Jambo baba."

"Muko wangapi pale?"

"Tuko wane, baba."

"Ndiyo. Na mimi nahesabu wane. Nafurahi umesema kweli."

Ngambo ya bonde, juu ya Luama, kuna kilima cha upara. Hakina muti hata mumoja, nyasi tu. Mbingu iko wazi pale kuliko pahali pote. Si kivukoni, kivukoni miti imefunika maji. Anastasie aliinua macho kidogo tu.

"Usiangalie huku, mama."

Aliyashusha.

"Nauliza mara ya pili. Moto gani?"

Mutu akiogopa sana, wengine wanapoteza akili, wengine inawajia yote mara moja. Anastasie ilimujia.

"Ni moto wa mugonjwa, baba. Tumesikia bwana yangu iko na homa. Kwetu mugonjwa akirudi, tunamuchemshia majani inje, sufuria kubwa, anajifunika blanketi na kujifukiza."

"Na huyu Gérard anakataza. Anakataza kwa nini?"

"Kwa sababu mugonjwa hajafika. Maji yatapoa."

Alisikia upepo wa kilimani ndani ya simu, na kisha kidogo upepo uleule ulimufikia shingoni.

"Unajibu muzuri," mutu yule alisema. "Basi uwashe. Inje, kama mulivyosema. Niuone na macho yangu. Kama ni moto wa mugonjwa, hamutaogopa kuuwasha. Nisipoona moshi, nitajua mulikuwa munaongea maneno ingine na huyu kijana, na nitaanza na bwana yako. Simu usiifunge. Nataka nisikie."

Anastasie aliiweka simu kifuani, akaikandamiza na mikono miwili kama mutoto muchanga. Aliwaambia wenzake kwa midomo zaidi kuliko sauti.

"Tuwashe. Inje. Sasa hivi."

"Hapana," mama Régina alisema.

"Mama…"

"Hapana! Moto wa inje hauwashwi mutoto wangu anapumua. Ni kumuitia kifo. Kikiitwa kinakuja, hakiulizi ulikuwa unachezea." Alikuwa ananongona, lakini mishipa ya shingo ilimusimama kama kamba. "Weye uliolewa hapa. Haukuzaliwa hapa."

"Wanatuona, mama," Souleymane alimubembeleza. "Usinyooshe mikono."

"Waone! Nitalala juu ya kuni zile."

"Mama," Anastasie alisema, "kwangu ni bwana, kwako ni mutoto. Sisi wawili tunamutaka anapumua. Kifo cha kuitwa na moto kinakuja pole pole, pengine tutamuombea, pengine kitapotea njia. Kile cha bunduki hakipotei njia."

Mama mukwe na muke wa mutoto wake waliangaliana. Miaka tisa wanapikia jiko moja na hawajapatana hata juu ya chumvi. Bulaimu alikuwa anahesabu hatua toka pale mupaka kwenye migomba, yeye anafikiri hakuna anayemuona.

Mama Régina aligeuka, akaingia jikoni.

Alitoka na kijinga cha moto mukononi.

"Mutu asiniguse," alisema. "Kama kifo kinasikia wito, kijue ni mimi nimekiita. Kisimutafute yeye. Kinitafute mimi, mimi nimekula miaka ya kutosha."

Alipiga magoti mbele ya mulango wa Déo. Souleymane alikokota gogo. Anastasie, na simu kifuani, alitupa majani ya mupunga yenye maji ili moshi uwe mwingi. Mama Régina alipuliza mara moja, mara mbili. Machozi yalimutoka, lakini moshi bado haujapanda.

Kisha ulipanda. Mweupe, munene, moja kwa moja juu, kwa sababu kiwanjani upepo ulikuwa umenyamaza.

Souleymane alikimbia kuleta sufuria kubwa, akaiweka juu ya mafiga matatu. Hakuna hata maji ndani. Kilimani hawawezi kuona ndani.

"Nauona," sauti ilisema. "Muzuri, mama. Sasa naamini."

Anastasie alivuta pumzi. Mama Régina aliinua uso kumuuliza na macho, naye akamujibu na kichwa: bado, bado anapumua. Mukono wa muzee ulimushika kifundo cha muguu, ukabaki pale. Haujawahi kumushika hivyo tangu siku ya arusi.

Hapo ndipo walisikia.

Toka upande wa michikichi, kwa jirani yao mama Véronique, ilitoka sauti moja, ndefu, ya juu.

"Yooo! Déo yooo! Mama yangu weee!"



Walifikiri nini? Watu wa Lusangi si vipofu! Kutoka asubuhi wameona muke wa Déo kwenye simu. Wameona mukwe anaacha shamba na kukimbia jua likiwa juu. Wameona mama Régina anavua kitambaa na kukaa chini juu ya mupunga. Na sasa moshi, inje, mbele ya mulango. Nani anangoja kuambiwa ingine?

Sauti ya pili ilijibu toka kisimani. Ya tatu toka kwa Waislamu, nyuma ya musikiti. Kisha hakuna aliyeweza kuzihesabu. Wanaume waliacha majembe mashambani. Wanawake walitoka jikoni wanajifunga vitenge tumboni, unga bado uko mikononi. Wachimbaji walipanda toka kwenye mashimo, wekundu wa udongo. Kwenye kila njia, watu. Na wote wanakuja kwenye kiwanja kile, pa wazi, chini ya kilima kile.

"Wafukuze!" Anastasie alimunongoneza Souleymane. "Warudi!"

Souleymane alikwenda mbele yao, mikono juu. "Rudini! Rudini nyumbani! Si hivyo! Rudini!"

Mukwe mbele ya moto, mikono juu, anapiga kelele! Walipomuona hivyo ndipo walilia zaidi. Waliokuwa wanatembea walianza kukimbia. Mama Véronique alifika wa kwanza, akajitupa chini, akamukumbatia mama Régina, akavuta nyimbo. Mama Régina alimuziba kinywa na kiganja. Véronique alifikiri ni uchungu, akalilia ndani ya kiganja.

"Nyamazeni, kwa jina la Mungu," Anastasie alisema. Nani atamusikia?

Aligeuka kumutafuta Bulaimu. Pahali Bulaimu alisimama palikuwa na ndara moja tu, juu ya mupunga.

Na nyuma ya watu wote, kwenye njia ya njia panda, aliona kofia mbili za kijani. Askari. Walikuwa wametoa sigara kinywani na kuweka bunduki mugongoni, kwa heshima. Nao wanakuja kilioni, kama majirani wengine.

Kifuani mwake simu iliongea. Aliipeleka sikioni. Sauti ilikuwa bado ya adabu.

"Mama. Umeniambia ni moto wa mugonjwa."

"Ndiyo, baba."

"Watu hawa wote wanakuja kufanya nini?"

Neno lililomujia mara ya kwanza, mara hii halikuja.

"Hautaki kujibu? Haizuru, tuko na wakati. Bwana yako iko na macho mazuri. Nimemuambia anihesabie watu hawa wanaokuja. Akifika makumi tano na weye haujanijibu, sitamuhitaji tena."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ine, Anastasie alisikia sauti ya Déo. Ilikuwa imekauka kama majani, lakini ni yake, na ilikuwa inakwenda pole pole, pole pole kabisa, kama mutu anayejaribu kurefusha kila hatua ya njia.

"Makumi mbili na saba," Déo alisema. "Makumi mbili… na munane."

Na watu walizidi kuja.